Nakala Zilizojenga Mchungwa

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mnaoishi kwa kilimo cha matunda,

Nimeombwa nizungumze kuhusu mageuko ya jenomu, yaani maelekezo yote ya kurithi yaliyoandikwa katika DNA, ya michungwa na jamaa zake. Hoja yangu naiweka mezani mapema. Mengi tunayoyapenda katika matunda haya, harufu ya ganda, uchungu wa balungi, wekundu wa baadhi ya machungwa, pamoja na nguvu ya mti kupambana na virusi, yamepatikana kwa sababu jeni fulani, yaani kipande kimoja cha maelekezo hayo, ilinakiliwa na nakala yake ikapata nafasi ya kufanya jambo jingine. Kazi hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka. Sisi binadamu, kwa namna tunavyoizalisha miti hii, tumeisimamisha karibu kabisa ndani ya mashamba yetu, na sasa maradhi yanatukuta tukiwa papo hapo tulipoiacha.

Nakala ya jeni hutokeaje? Seli inapogawanyika ili kutengeneza chavua au yai, kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba jeni, zile zinazofanana hujipanga ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Kwa kawaida hujipanga sawasawa, jeni kwa jeni. Lakini panapokuwa na mfuatano unaojirudia, kromosomu moja huweza kusogea kidogo na kukaa kombo. Vipande vikibadilishana hapo, upande mmoja hutoka na jeni mbili zilizofuatana na upande wa pili hutoka mikono mitupu. Na zikishakuwa mbili zimekaa jirani, ni rahisi zaidi kwa kromosomu kukaa kombo tena katika kizazi kijacho. Ndiyo sababu nakala za aina hii hatuzikuti mbili tu. Tunazikuta kundi zima, zimepangana mstari katika eneo moja la kromosomu.

Iko njia nyingine, ile ya transposoni, vipande vya DNA vyenye tabia ya kujinakili au kujichomoa na kwenda kujipachika mahali pengine. Hizo nitazirudia, kwa maana katika historia ya machungwa zimefanya mambo makubwa. Njia ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: jenomu nzima kunakiliwa kwa mkupuo mmoja, kila kromosomu, kila jeni.

Mwaka 1970 mtaalamu wa jenetiki Susumu Ohno alijenga hoja kwamba kunakiliwa kwa jeni ndiko mlango mkuu wa mambo mapya katika mageuko. Jeni iliyo peke yake na yenye kazi ya lazima haina uhuru. Badiliko lolote linaloivuruga huondolewa, kwa kuwa kiumbe aliyelirithi hudhoofika. Nyumba yenye kisu kimoja haithubutu kukifua kiwe patasi. Yenye visu viwili inaweza. Nakala moja inabaki na kazi ya zamani, ya pili inabebwa na mabadiliko kuelekea isikojua.

Ila nakala nyingi hufa. Michael Lynch na John Conery walionyesha mwaka 2000, kwa kulinganisha jenomu za viumbe mbalimbali, kwamba sehemu kubwa ya nakala hunyamazishwa na mabadiliko mabovu ndani ya miaka milioni michache. Hubaki magofu ya jeni, yanasomeka kwa shida na hayazalishi protini yoyote. Zile chache zinazopona hupona kwa njia tofauti. Baadhi hupata kazi mpya kama Ohno alivyofikiri. Nyingine hugawana kazi ya mama yao: jeni iliyokuwa ikifanya kazi kwenye jani na kwenye tunda hupata nakala mbili, moja ikapoteza uwezo wa kufanya kazi kwenye jani, ya pili ikapoteza ule wa kwenye tunda, na tangu siku hiyo mti unazihitaji zote mbili. Nauona mgawanyo huu ni muhimu kuliko watu wengi wanavyoupa uzito, maana hauhitaji bahati kubwa. Unahitaji hasara mbili ndogo tu zinazokamilishana, na hasara katika DNA hazina uhaba.

Sasa tuuingie mchungwa wenyewe. Una kromosomu 18, yaani jozi 9, na ndivyo ilivyo kwa karibu jamii yote: mchenza, mlimau, mfurungu, mbalungi. Jenomu yake ni ndogo. Seti moja ya kromosomu za chungwa tamu ina herufi za DNA takriban milioni 367, ilhali ya binadamu ina takriban bilioni 3. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Huazhong, kilichopo Wuhan nchini China, walichapisha jenomu ya chungwa tamu mwaka 2013. Waliposaka ndani yake dalili za kunakiliwa kwa jenomu nzima, walikuta dalili moja tu, nayo ni ya kale sana: tukio la zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita ambapo jenomu ilifanywa mara tatu. Tukio hilo linashirikiwa na kundi kubwa mno la mimea ya maua, na lilitambuliwa waziwazi mwaka 2007 jenomu ya mzabibu iliposomwa. Mzabibu na mchungwa hazina ujamaa wa karibu, lakini zote mbili zimebeba alama hiyo kwa kuwa babu wao wa mbali aliipata kabla hawajaachana.

Baada ya hapo, kimya. Mti wa tufaha uliongezewa jenomu nzima baadaye na leo una jozi 17 za kromosomu. Ngano ya mkate imebeba seti sita za kromosomu kutoka kwa mababu watatu. Ukoo wa mchungwa haukupitia huko. Zile seti tatu za kale zilivunjika, zikaungana upya, jeni nyingi zikapotea, mpaka zikabaki jozi 9. Ladha na harufu zote unazozijua zilijengwa juu ya msingi huo kwa nakala ndogondogo, jeni moja hapa, jeni tatu pale.

Hapa niwatahadharishe wanafunzi kabla hamjaanza kuhesabu jeni. Chungwa tamu ni chotara. Seti moja ya kromosomu zake na seti ya pili hutofautiana mahali pengi, maana sehemu zake zimetoka kwa mfurungu na sehemu nyingine kwa mchenza. Kompyuta inayounganisha vipande vya DNA ikikutana na matoleo mawili ya jeni ileile, moja la upande wa mfurungu na moja la upande wa mchenza, huweza kuyaandika kama jeni mbili tofauti. Hapo utatangaza nakala ambayo haipo. Kinyume chake nacho hutokea: nakala mbili za kweli, zilizokaa jirani na zinazofanana mno, hubanwa na kompyuta zikawa moja. Kwa sababu ya tatizo la kwanza, watafiti wa Wuhan hawakutumia mti wa kawaida. Walitumia seli zilizokuzwa kutoka kwenye chavulio la chungwa la aina ya Valencia, zenye seti moja ya kromosomu iliyorudufiwa, ili pande mbili zisigongane. Kundi la kimataifa lililochapisha jenomu ya klementina mwaka 2014 nalo lilichagua mmea wenye seti moja tu. Tatizo la pili limepungua tangu zilipokuja mashine zinazosoma vipande virefu vya DNA kwa mara moja. Ukikutana na andiko linalosema familia fulani ya jeni imeongezeka katika machungwa, uliza kwanza jenomu hiyo ilisomwa kwa njia gani.

Tuje kwenye harufu. Chukua ganda la chungwa, likunje, uone ule ukungu mwembamba unaoruka. Yale matundu madogo yanayoonekana juu ya ganda ni vifuko vya mafuta, na mafuta hayo zaidi ya asilimia 90 ni limoneni, kemikali ya jamii ya terpeni. Limoneni huipata pia ndani ya limau, na bado pua ya mtoto mdogo inajua kutofautisha limau na chungwa. Tofauti iko katika ile sehemu ndogo iliyobaki: makumi ya terpeni nyingine pamoja na kemikali za jamii tofauti, baadhi zikiwa kidogo mno. Valensini, kwa mfano, ina mchango katika harufu ya chungwa, na ikiongezewa oksijeni huwa nutkatoni, ambayo ndiyo inayoipa balungi sehemu ya harufu yake.

Terpeni hutengenezwa na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kemia ya seli, vya familia moja, na katika jenomu ya chungwa tamu watafiti walihesabu maeneo 95 yenye jeni za familia hiyo. Zinazoonekana kuwa nzima, zenye uwezo wa kutoa kimeng'enya, ni 55. Zitazameni vizuri namba hizo mbili. Arobaini za tofauti ni magofu, nakala zilizozaliwa na zikafa, na nyingi katika familia hii zimekaa vikundi vikundi, jirani kwa jirani, kama tunavyotarajia pale kromosomu zinapokaa kombo. Vimeng'enya hivi vina sifa moja inayonishangaza kila nikiifundisha: kubadilisha viungo vichache tu vya protini karibu na mahali pa kazi kunatosha kumfanya kimeng'enya atoe terpeni nyingine kabisa, au mchanganyiko wa terpeni kadhaa. Kwa hiyo umbali kati ya nakala na harufu mpya ni mfupi. Mti wenyewe haukuwa unatutengenezea manukato sisi. Terpeni nyingi hufukuza wadudu, huzuia kuvu, au huwaita wanyama wanaosambaza mbegu, na mti uliopata harufu ya kufaa uliacha watoto wengi zaidi.

Uchungu nao una simulizi yake. Tunda changa la furungu au balungi lina naringini nyingi, kemikali chungu hasa. Chungwa na chenza zina hesperidini, ambayo haina ladha. Ukizichora kemikali hizi mbili utaona zimeundwa kwa namna ileile: kiini cha flavonoidi, kundi la kemikali za mimea, kikapachikwa glukosi, halafu glukosi ikapachikwa sukari nyingine iitwayo ramnosi. Kinachozitenganisha kwenye ulimi ni kaboni ambayo ramnosi imeshikamana nayo. Ikishika kaboni ya pili ya glukosi, tunda ni chungu. Ikishika ya sita, hakuna uchungu. Kila mojawapo ya kazi hizo inafanywa na kimeng'enya chake, na vyote viwili vinatoka katika ukoo mmoja mpana wa vimeng'enya vinavyopachika sukari, ukoo ambao katika mimea umekua kwa jeni kunakiliwa tena na tena. Mfurungu una kimeng'enya cha kaboni ya pili kinachofanya kazi, mchenza hauna. Balungi, mtoto wa mfurungu na mchungwa, limerithi uchungu upande wa mfurungu.

Vitamini C nitaipitia kwa haraka. Watafiti wa Wuhan waliona kwamba familia ya jeni inayohusika na mojawapo ya njia za kuitengeneza, ile inayoanzia kwenye asidi itokanayo na pektini, imepanuka katika chungwa tamu kwa nakala zilizokaa jirani, na baadhi hufanya kazi kwa nguvu ndani ya tunda. Nakala zaidi, kimeng'enya zaidi: wakati mwingine mambo huwa rahisi hivyo.

Wekundu ndio unaonipendeza kuliko yote. Machungwa mekundu kwa ndani hupata rangi yao kutoka kwa anthosianini, rangi ya asili ya mimea, na jeni inayowasha utengenezaji wake inaitwa Ruby. Mwaka 2012 watafiti wa Kituo cha John Innes, Norwich, Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Italia na China, walieleza kwa nini chungwa la kawaida halina wekundu huo na lile la Sisilia linao. Katika chungwa la Sisilia, retrotransposoni, yaani kile kipande cha DNA kinachojinakili na kujipachika, kiliangukia karibu na mwanzo wa jeni ya Ruby. Kipande hicho kina swichi yake, na swichi hiyo huwashwa na baridi. Ndiyo maana machungwa hayo huiva mekundu sana panapokuwa na usiku wa baridi na mchana wenye jua, kama kwenye miteremko ya mlima Etna, na hupauka yakipelekwa kwenye joto la mfululizo. Ajabu zaidi, chungwa jekundu la China liitwalo Jingxian lilikuwa na badiliko la aina hiyohiyo katika jeni hiyohiyo, lililotokea kivyake, kwa kipande kingine cha ukoo uleule. Tukio limejirudia mara mbili katika mabara ya Ulaya na Asia bila mti mmoja kuurithisha mwingine.

Ruby yenyewe haiko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba inakaa jirani na ndugu yake, jeni ya pili inayofanana nayo, na kwamba ndugu hawa wawili wamegawana kazi: mmoja ameegemea majani, mwingine matunda. Katika baadhi ya michungwa lipo pia toleo la yule ndugu lililokatika, ambalo badala ya kusaidia rangi hushindania washirika walewale na kuizuia. Ule mgawanyo wa kazi niliousema mwanzoni mnauona hapa kwa macho, kwenye rangi ya jani changa na rangi ya nyama ya tunda.

Mfano wa mwisho wa nakala ni ule wa ndoa. Mfurungu hukataa chavua yake wenyewe. Ua lake hutoa kimeng'enya kinachoukatakata ujumbe wa RNA ndani ya mrija wa chavua, mrija hufa, na mbegu haitungwi. Chavua ya mti mwingine huponaje? Imebeba safu ya jeni za ulinzi zilizonakiliwa, zimekaa karibu karibu kwenye eneo moja la kromosomu, takriban tisa kwa kila aina ya eneo hilo, na kila moja hutambua na kuondoa sumu za aina fulani za miti. Kwa pamoja huondoa sumu za wageni wengi, isipokuwa ile ya mti wenyewe. Jeni moja isingeweza. Ilibidi ziwe kundi. Michenza ilikuja kupata badiliko lililoharibu kimeng'enya hicho cha sumu, badiliko hilo likarithishwa kwa machotara wake, na miti ikaanza kujizalisha yenyewe bila mwenza.

Hapo tunafika kwenye machotara, ambayo ni nusu ya pili ya historia hii. Kundi la watafiti lilichambua jenomu za miti 60 na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Kwa hesabu yao jamii hii ilianzia kusini-mashariki mwa milima ya Himalaya, kwenye eneo linalogusa Assam ya mashariki, Myanmar ya kaskazini na Yunnan ya magharibi, na ilianza kutawanyika kwa kasi karibu miaka milioni 8 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika na pepo za masika kudhoofika. Majani yaliyogeuka mawe yaliyopatikana Lincang, Yunnan, yanakubaliana na umri huo. Kila spishi iliyotoka hapo iliondoka na mkoba wake wa nakala: mfurungu na za kwake, mchenza na za kwake, sitroni, jamaa wa limau mwenye ganda nene, na za kwake. Baadaye zilipokutana tena, mara nyingi kwa msaada wa binadamu aliyezipanda pamoja, mikoba ilichanganywa. Danzi ni mtoto wa mfurungu na mchenza. Limau ni mtoto wa danzi na sitroni. Klementina ni mtoto wa mchenza na mchungwa, na liligunduliwa Algeria. Kwa hiyo jenomu ya limau moja ina historia za spishi tatu ndani yake, na kila mojawapo ilikuwa imejinakilia jeni peke yake kwa muda mrefu.

Na baada ya hapo tukaisimamisha saa.

Pasua mbegu ya chungwa. Menya ngozi yake kwa ukucha, utenganishe vilivyomo. Mara nyingi utakuta viinitete viwili, vitatu au zaidi vimebanana, vingine vikubwa na vingine vidogo kama punje. Kimoja pengine kimetokana na chavua na yai. Vilivyobaki vimeota kutoka kwenye tishu za mama na ni mama mtupu, jeni kwa jeni. Mwaka 2017 watafiti walihusisha tabia hiyo na kipande kidogo cha transposoni kilichojipachika mbele ya jeni moja na kuongeza utendaji wake. Mfurungu, sitroni na klementina hazina tabia hiyo. Mchungwa, mbalungi na michenza mingi zinayo. Mkulima wa kale aliipenda bila kuijua, kwa sababu mbegu ya mti mtamu ilimpa mti mtamu. Ukiongeza kubebesha miche, ambako kikonyo cha mti mmoja kinaunganishwa kwenye shina la mti mwingine, unapata hali tuliyonayo: machungwa tamu yote duniani, ya Valencia, yale yenye kitovu, yale mekundu, ni tawi la chotara mmoja. Yanatofautiana kwa mabadiliko yaliyozuka kwenye matawi na kuhifadhiwa na watu. Chungwa lenye kitovu lilitoka Bahia, Brazili; miche yake ilipandwa Riverside, California, mwaka 1873, na mmoja wa miti hiyo ungali hai. Mamilioni ya miti iliyofuata ni vikonyo vya ukoo huo.

Katika shamba la namna hiyo, kromosomu hazikutani upya kutoka kwa wazazi wawili. Nakala mpya zinazopatikana kwa kukaa kombo hazizaliwi, au zikizaliwa kwenye chavua hazifiki popote, kwa maana hakuna anayepanda mbegu hizo. Wakati huohuo virusi na bakteria havijasimama.

Kusema kweli bado kuna aina moja ya nakala inayotokea kila mara kwenye vitalu: jenomu nzima. Katika miche inayoota kutoka tishu za mama, seli huweza kurudufu kromosomu zake bila kugawanyika, na ukatoka mche wenye kromosomu 36. Wataalamu wa vitalu huutambua kwa majani manene na umbo lililojaa. Swali ni kwa nini ukoo huu haujabaki na jenomu mbili ikiwa ajali hiyo ni ya kawaida hivyo. Jibu ninaloliona lina nguvu ni la ndoa pia. Mti wenye kromosomu 36 ukizungukwa na miti ya 18 huzaa watoto wenye 27, na hao wana mbegu chache au hawana kabisa. Kwa msituni hiyo ni hasara. Kwa mkulima ni faida. Oroblanco, tunda lisilo na mbegu lililotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1980, lilipatikana kwa kuvusha furungu na balungi lenye kromosomu maradufu. Ndimu ya Tahiti nayo ina kromosomu 27.

Maradhi yametuonyesha bei ya kusimama. Virusi vya tristeza viliangamiza mamilioni ya miti Amerika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940, kwa sababu miti hiyo ilibebeshwa juu ya mdanzi. Ugonjwa wa huanglongbing, unaosababishwa na bakteria wanaoenezwa na mdudu mdogo afyonzaye utomvu, ulithibitishwa Florida mwaka 2005. Msimu wa 2003 hadi 2004 Florida ilivuna maboksi milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023 hadi 2024 haikuzidi milioni 18. Vimbunga na kuuzwa kwa mashamba vilichangia, lakini ugonjwa ndio uliovunja mgongo.

Kinga iko wapi? Mti uitwao Poncirus trifoliata, jamaa wa mchungwa mwenye majani matatu matatu na miiba mirefu, haushikwi na aina nyingi za virusi vya tristeza. Watafiti waliposoma eneo lenye kinga hiyo mwaka 2003, walikuta jeni za ulinzi zinazofanana, jirani kwa jirani, pamoja na retrotransposoni zilizojipachika katikati yake. Ni alama zilezile: kukaa kombo, kunakili, kubadilika, na katika nakala hizo inaelekea mojawapo ilipata kumtambua adui. Tunda lake haliliki kirahisi, lakini chotara wake na mchungwa, kama Carrizo, leo hubeba mashamba makubwa kama shina la chini. Kwa huanglongbing, macho yameelekea Australia, kwenye ndimu za vidole na jamaa zake wa msituni. Ukoo huo uliachana na wenzake wa Asia miaka takriban milioni 4 iliyopita, na baadhi ya miti yake huvumilia ugonjwa ambao haujawahi kukutana nao kwao.

Ninachokiomba kutoka kwenu kinaeleweka sasa. Miti ya porini inayozaa kwa mbegu, yenye matunda machungu na miiba, ndiyo ambayo jeni zake bado zinanakiliwa na kuchujwa. Nchini India kuna hifadhi ya jeni za machungwa ndani ya Nokrek, kwenye milima ya Garo, ambako Citrus indica inaota yenyewe. Riverside kuna mkusanyiko ulioanza mwaka 1910 wenye aina zaidi ya 1,000. Mkusanyiko wa miti iliyobebeshwa huhifadhi nakala zilizokwisha kutokea, na nauheshimu sana. Msitu ndio unaoruhusu mpya zitokee. Wanafunzi wanaotafuta mada wangeanza na jenomu za miti hiyo, zisomwe kwa vipande virefu na pande zote mbili za kromosomu zitenganishwe, hasa yale maeneo ya jeni za ulinzi ambayo mashine za zamani ziliyabana na kuyapoteza. Wanaopanga bajeti wakitakiwa kuchagua kati ya mradi wa kuhariri jeni moja maabara na mradi wa kulinda eneo lenye miti ya porini, wasikubali kuchaguzishwa. Mhariri wa jeni naye anahitaji mahali pa kutolea mfano.

Nimemaliza upande wangu. Asanteni kwa kunisikiliza, na sasa nayapokea maswali, nikianza na wakulima.